Gaudensi na Somo la Kilatini

Martha aliamka na uchovu wa jana. Aliwasha jiko la mkaa, akapika uji, akamwamsha mwanawe anywe dawa. Kisha alichukua jembe akaenda shambani, upande wa Naliendele. Alipalilia muhogo mpaka jua lilipokuwa kali. Alirudi na kuni kichwani, akapika tena. Mwaka ule wa 1971 siku zake nyingi zilikuwa hivyo.

Martha na mumewe Kasiani walikaa Chikongola, mjini Mtwara. Kwao hasa ni Songea. Walikuja Mtwara kwa sababu ya kazi, maana Kasiani alikuwa karani wa ghala bandarini. Binti zao wawili walikuwa wameolewa. Nyumbani alibaki Gaudensi, kijana wa miaka kumi na tano.

Gaudensi alikuwa mwanafunzi wa seminari, yaani shule ya vijana wanaotaka kuwa mapadre. Alipokuwa kidato cha kwanza alianza kukohoa na kukonda. Hospitalini walikuta ana kifua kikuu. Alilazwa miezi minne. Alipopata nafuu, daktari alieleza kwamba sasa hawezi kuwaambukiza wengine, anaweza kukaa nyumbani. Lakini alimpa sharti moja: anywe vidonge kila siku kwa mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja.

Shule ilimruhusu asome nyumbani. Padre msimamizi wa masomo alimpa vitabu. Alisema kwamba kabla ya kurudi, Gaudensi atafanya mtihani. Hesabu hazikumpa shida, wala Kiingereza. Kilichomsumbua ni Kilatini.

Kilatini ni lugha ya kale ya Warumi. Hakuna tena mji ambao watu wake wanauza na kununua kwa Kilatini. Lakini vitabu vingi vya Kanisa viliandikwa kwa lugha hiyo, na kwa hiyo wanaseminari hujifunza. Ni lugha yenye maneno yanayogeuka. Neno moja linaweza kuwa na miisho kumi, na mwanafunzi hupewa orodha ndefu za miisho hiyo.

Kasiani alijitwika kazi ya kumfundisha mwanawe. Yeye alipokuwa mdogo alitumikia misa, na sala za Kilatini alizijua zote kwa moyo. Alizikariri kwa kurudia, na aliamini kwamba elimu yote hupatikana hivyo. Kila siku alirudi kutoka bandarini saa kumi, shati limelowa jasho, macho mekundu kwa vumbi la korosho ghalani. Alikunywa maji, akaketi, akafungua kitabu.

Gaudensi alisimama mbele yake akataja orodha. Akikosea neno moja, baba alimwambia arudie toka mwanzo. Akikosea tena, arudie tena. Mara nyingi jua lilizama bado wako pale pale. Kijana alikuwa hajapata nguvu vizuri, miguu ilimtetemeka. Baba naye alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukasirika upesi.

Jioni moja Gaudensi alikosea orodha ile ile mara ya saba. Baba alifunga kitabu.

"Wenzako wanasonga mbele," alisema. "Wewe umekaa. Mimi nimeacha usingizi wangu kwa ajili yako."

Gaudensi aliingia chumbani akajilaza, uso ukutani. Siku ile hakula. Martha aliweka chakula chake kando, akakifunika. Yeye hakuwahi kwenda shule utotoni. Ni mwaka huo tu alikuwa ameanza kujifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Aliona mambo ya Kilatini hayamhusu.

Siku zikapita. Gaudensi akazidi kuwa kimya. Aliamka akiwa amechoka, akalala akiwa amechoka.

Jumamosi moja Martha alitoa matandiko nje ayaanike juani. Aliponyanyua mto wa Gaudensi, aliona mshono umefumuka upande mmoja. Alitia vidole ndani arudishe sufi, akagusa vitu vigumu. Akavitoa. Vilikuwa vidonge vya kifua kikuu. Alihesabu kumi na tisa.

Martha aliketi pale pale kwenye mkeka. Alimwita mwanawe, akamwonyesha kiganja chake. Gaudensi aliviona vidonge akainama. Alisema kwa sauti ndogo:

"Nikipona, nitarudishwa kufanya mtihani. Nitashindwa mbele ya watu wote. Niliona ni afadhali nisipone kwanza, mama."

Martha alitaka kumgombeza, lakini hakumgombeza. Alimshika mkono tu. Mkono ulikuwa mwembamba.

Alasiri ile alikwenda darasani kama kawaida, lakini herufi hazikuingia. Mwalimu wao alikuwa Mwalimu Mastura, mwanamke wa Mikindani. Asubuhi alifundisha watoto katika shule ya msingi, na alasiri alifundisha watu wazima. Alikuwa pia jirani yao, nyumba ya tatu. Aliona Martha ameshika kalamu bila kuandika. Wenzake walipoondoka alimuuliza kuna nini. Martha alimweleza yote, tangu orodha mpaka vidonge.

Mwalimu Mastura alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Gaudensi, hapa kuna mambo mawili," alisema. "La dawa halingoji. Kesho kutwa asubuhi mpeleke hospitali, na useme ukweli wote. La Kilatini nitakuja tuliangalie pamoja."

"Kwani Mwalimu unajua Kilatini?"

"Hata neno moja silijui. Lakini najua mtoto anavyokwama."

Jumatatu Martha hakwenda shamba. Alikwenda na Gaudensi hospitali. Muuguzi hakuwagombeza. Aliwaeleza kwa utulivu kwamba ugonjwa huu una hila. Mgonjwa akianza dawa hujiona mzima upesi, lakini vijidudu bado vimo. Akiacha dawa katikati, vinaamka vikiwa na nguvu zaidi, na dawa ile ile inaweza isivishinde tena. Alichukua makohozi yapimwe. Akashauri kwamba mgonjwa asikabidhiwe vidonge peke yake. Mtu mmoja wa nyumbani amwangalie mpaka ameze.

Walingoja majibu siku nne. Zilikuwa siku ndefu. Kasiani alipoambiwa habari ya vidonge, alikaa mlangoni na sare yake ya kazi mpaka giza lilipoingia. Siku hizo nne kitabu cha Kilatini hakikufunguliwa. Majibu yalipokuja, makohozi yalikuwa safi. Gaudensi alikuwa na bahati. Daktari alimwongezea miezi ya dawa, na akasema asiruke tena.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja, Mwalimu Mastura alibisha hodi. Gaudensi alimwamkia, akaleta kiti. Kasiani alikuwepo pia, amesharudi kutoka kazini. Mwalimu hakuomba kuona orodha. Alimwomba Gaudensi amfundishe yeye sentensi moja ya Kilatini, moja tu, na mama yake akae karibu ajifunze pia.

Gaudensi alisita. Kisha aliandika kwenye ubao mdogo: *Puella feminam vocat.* Alieleza kwamba maana yake ni "Msichana anamwita mwanamke."

Mwalimu aliuliza ikiwa maneno yanaweza kubadilishana mahali. Gaudensi akaandika chini yake: *Feminam puella vocat.* Akasema maana ni ile ile.

"Hapo ndipo sielewi," alisema Mwalimu Mastura. "Kwetu, nikisema 'Msichana anamwita mwanamke', anayeita ni msichana. Nikigeuza, 'Mwanamke anamwita msichana', anayeita ni mwanamke. Hawa Warumi walijuaje nani anaita na nani anaitwa?"

Gaudensi alianza kutaja orodha, halafu akaacha. Aliijua orodha, lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa. Kasiani naye alitazama ubao.

Martha aliinama karibu. Alikuwa bado anasoma herufi moja moja, kidole kikifuata. Alipita sentensi ya kwanza, akapita ya pili. Kidole kikasimama.

"Huyu ana *m* mwishoni," alisema. "Na huku pia, hata akikaa mbele, *m* yake anayo. Huyu mwingine hana."

Gaudensi alitazama. Alichukua chaki, akafuta, akaandika: *Puellam femina vocat.* Safari hii alimpa msichana ile *m*.

"Sasa mwanamke ndiye anayeita," alisema polepole. "Msichana anaitwa. Ile *m* ndiyo inayosema." Aliketi. "Kumbe mwisho wa neno ni kazi yake. Nilidhani ni orodha tu."

Mwalimu akauliza habari ya neno la mwisho, *vocat*. Gaudensi alisema *voco* ni ninaita, *vocas* ni unaita, *vocat* ni anaita. Mwalimu alimwambia aandike Kiswahili kando ya Kilatini, kisha apige mstari chini ya sehemu inayoonyesha mtu. Alipiga mstari chini ya *ni*, *u* na *a*. Upande wa pili alipiga chini ya *o*, *s* na *t*.

"Sisi tunaweka mbele," alisema Gaudensi. "Wao wanaweka nyuma."

"Basi," alisema Mwalimu. "Leo inatosha."

Kasiani alishangaa. Hata nusu saa haikuwa imepita. Mwalimu Mastura alimweleza kwa heshima. Alisema kukariri si kubaya. Yeye mwenyewe alihifadhi sura nyingi za Kurani chuoni Mikindani alipokuwa mdogo, na anashukuru. Lakini mwalimu wake alikuja kumfunulia maana, na hapo ndipo zilipomkaa moyoni. Tena akili iliyochoka haipokei. Mgonjwa anayepata nafuu asome nusu saa, apumzike, kisha asome tena kidogo. Na asome asubuhi, kichwa kikiwa chepesi.

"Na akikosea, Baba Gaudensi, usimrudishe mwanzo. Muulize amekosea wapi. Kosa ndilo linalokuonyesha pa kuanzia."

"Mwalimu, nitasema kweli," alisema Kasiani. "Sala zile nimezisema miaka thelathini. Ukiniuliza neno gani linafanya kazi gani, sijui. Nilikuwa namdai mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe sina."

Gaudensi alimtazama baba yake. Hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Toka siku hiyo waligeuza utaratibu. Asubuhi, Kasiani alimpa mwanawe kidonge kwa mkono wake kabla ya kwenda bandarini, akangoja ameze. Gaudensi alisoma Kilatini nusu saa, mwisho mmoja wa neno kila siku, akautungia sentensi zake mwenyewe. Aliandika juu ya samaki, na kuku wa jirani, na mama yake anayelima. Orodha alizikariri baadaye, akiwa ameshajua kazi ya kila mwisho. Alasiri alilala. Jioni baba alipumzika kwanza, kisha Gaudensi alimfundisha yeye maana ya sala moja, mstari mmoja mmoja.

Haikuwa rahisi. Kuna siku alisahau kila kitu. Kuna wiki alitupa daftari, akasema hataki tena. Martha hakumlazimisha. Alimwachia siku mbili, kisha alimwomba amwonyeshe tu alipofika. Gaudensi alipomwonyesha, aliona mwenyewe kwamba amefika mbali kuliko alivyodhani. Akaendelea.

Miezi mitano ilipita. Kifua kilipigwa picha, daktari akasema anaweza kurudi shule, ila aendelee na vidonge. Padre msimamizi alikuja Mtwara kwa shughuli zake, akampa mtihani parokiani. Ulichukua asubuhi nzima. Padre alisahihisha pale pale.

Kasiani alikuwa amepata ruhusa siku ile. Yeye na Martha walikaa kwenye benchi barazani. Saa saba Gaudensi alitoka na karatasi. Alitembea taratibu, akasimama mbele yao.

"Masomo mengine nimefaulu," alisema. "Kilatini nimepata arobaini na sita. Kufaulu ni hamsini. Padre amesema nirudi kidato cha pili, lakini Kilatini nitakaa na kidato cha kwanza mpaka niwafikie wenzangu."

Martha alimtazama mumewe. Kasiani alisogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Keti," alisema. "Ulikosea wapi?"

Gaudensi aliketi katikati yao, akakunjua karatasi mapajani. Alionyesha kwa kidole. Hapa alichanganya wakati uliopita na ujao. Hapa alisahau mwisho wa wingi. Hapa alijua, lakini muda ulikwisha. Alieleza kosa moja baada ya jingine, bila kuona haya, kama fundi anayeonyesha mahali bati linapovuja. Baba aliuliza, naye akajibu.

Kisha walirudi nyumbani. Walikula ugali wa muhogo na kisamvu. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kufanya mpaka kesho. Mchana ule wote watatu walilala, mlango wazi, na hakuna aliyemwamsha mwenzake.