Kibodi Isiyo na Sauti Yake

Giza lilikuwa linaanza kuingia Prodyuza alipofika kwa fundi redio kuchukua kibodi ya muziki. Alifika anahema, maana alitaka kuiunganisha na kuijaribu kabla mdogo wake hajamaliza kupanga begi.

Tuseme ukweli mapema kuhusu huyu Prodyuza. Jina hilo alijipa mwenyewe. Studio yake ilikuwa chumba chake cha kulala, chenye trei za mayai ukutani na godoro lililoegeshwa dirishani kuzuia kelele. Nyimbo zote alizowahi kusifiwa nazo ziliimbwa na mdogo wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Mtoe Chiriku, anabaki mtu mwenye kompyuta mpakato na maneno mengi. Na Chiriku kesho asubuhi alikuwa anahamia studio nyingine, ya watu waliokubali kumsubiri mpaka koo lipone. Daktari alikuwa amemkataza kabisa sauti za juu. Kaka yake alisema daktari huyo hajui muziki.

Wimbo wao wa mwisho ulikuwa umebakiza sehemu moja, ile ya juu kabisa. Chiriku aligoma. Basi Prodyuza akapata akili yake: alikuwa na kipande cha sauti ya mdogo wake, "aaa" moja tu, aliyoirekodi kwa siri binti akiwa bafuni. Angekitandaza kipande hicho kwenye kibodi, kila kibonye kikitoe kwa kimo chake cha sauti, juu au chini, kisha aumalize wimbo kwa vidole vyake mwenyewe. Ndiyo maana alimpa fundi spika yake ya zamani, wakabadilishana.

"Lakini hii haina sauti yake, unajua?" fundi alimwambia akiifuta vumbi.

"Najua, fundi. Inatuma amri tu. Kibonye gani, na kimebonyezwa kwa nguvu gani. Kuimba kunafanyika kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Ndani ya kompyuta. Wewe baki na redio zako."

Fundi hakucheka. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Aliyeileta alikuwa bubu. Nasikia zamani alifundisha kwaya."

"Mwalimu wa kwaya, bubu?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akalia, kaka. Mtu mzima, machozi yanatiririka, sauti hamna. Kisha akawa ananyoosha kidole kimoja... hivi. Kimoja. Kila nikimuuliza kitu, kidole kimoja. Nikadhani kuna kibonye kimoja kibovu, lakini vyote vizima."

Prodyuza aliikumbatia kibodi yake, akaondoka.

Nyumbani mama yao alikuwa ukumbini anakunja nguo. Ng'ambo ya ukuta kichanga cha jirani kilikuwa kinalia kama kawaida yake ya jioni.

"Umekaa na mdogo wako mkaagana vizuri?" mama aliuliza.

"Nitakaa naye, mama."

Akajifungia chumbani.

Alichomeka waya. Taa ndogo ya kibodi ikawaka, na programu ya muziki ikaitambua palepale. Akafungua traki mpya ya wimbo, akapachika ile "aaa" ya bafuni, akavaa hedifoni na kubonyeza kibonye cha katikati.

Kimya.

Hilo halikumtisha. Kila anayefanya kazi hii anajua: programu inasikiliza chaneli moja, yaani njia moja ya kupitishia amri, kibodi inatuma kwenye nyingine, hazikutani. Dawa yake ni kuitafuta chaneli inayofaa, moja baada ya nyingine, na kuichagua hiyo tu. Prodyuza hakuwa na subira ya kutafuta. Alifanya alivyozoea kufanya siku zote, akachagua pale palipoandikwa "Zote". Kidole kimoja cha yule bubu kilimpitia kichwani, kikatoka.

Akabonyeza tena. Kibonye kilikuwa na uvuguvugu, na unyevu kidogo. Chumba kikajaa harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi.

"Aaa..."

Safi! Sauti yenyewe hasa! Alicheka peke yake. Akageuza kichwa, akahisi waya wa hedifoni ukimgonga goti.

Hakuwa ameuchomeka.

Aliivua hedifoni taratibu. Akabonyeza.

"Aaa..."

Sauti ilitoka chumba cha pili. Chumba cha Chiriku.

"Mama?" Chiriku aliita kwa hofu. "Mama, mdomo wangu... unafunguka wenyewe..."

Prodyuza aliisogeza kibodi karibu. Akajaribu kibonye cha chini kabisa, mkono wa kushoto. Kichanga cha jirani, kilichokuwa kimeshatulia, kikapiga ukelele. Akakiachia. Kichanga kikanyamaza. Akajaribu cha pembeni yake.

"Eee!" mama aliitika ukumbini. Kisha akajiuliza kwa sauti, "Nani ameniita?"

Hapa mtu mwenye utu angekimbia. Prodyuza alifungua maiki.

Aliivuta mpaka kwenye ukuta wa mdogo wake, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuanza kupiga kuanzia katikati kwenda kulia, vibonye vyote vya sauti ya Chiriku. Alianza polepole, kisha kwa nguvu, na kadiri alivyobonyeza kwa nguvu ndivyo koo la binti lilivyopasua ukuta. Sauti ilikuwa nzuri ajabu. Chiriku hakuwahi kuimba vile kwa hiari yake.

Katikati ya sauti moja na nyingine, palipokuwa na nafasi, Chiriku alikuwa anasema.

"Kaka... ni wewe... najua ni wewe..."

Akapiga kibonye kingine.

"Kaka... acha... koo langu..."

Prodyuza alijiambia kwamba maneno hayo atayafuta baadaye, akiwa anasafisha wimbo.

Ikabaki ile ya juu kabisa. Alivuta pumzi kana kwamba ndiye atakayeimba. Akakididimiza kibonye cha mwisho mkono wa kulia, na kukishikilia.

Glasi juu ya meza ilitetemeka. Harufu ya mdomo ikabadilika, ikawa harufu ya damu. Sauti ilipanda, ikanyooka, haikutikisika hata kidogo, na Prodyuza alifumba macho kwa raha.

Mlango ukapigwa teke, ukafunguka.

"Mwenzio anakufa!" mama alipiga kelele, amesimama mlangoni na kanga ya mwanawe mkononi, imelowa damu. "Anaimba hapumui! Unafanya nini humu?"

Prodyuza aliruka kwa fedheha, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye chungu. Na kwa fedheha hiyo hiyo akanyakua waya wa kibodi, akauchomoa.

Kidole chake cha mkono wa kulia kilikuwa bado juu ya kibonye.

Kosa hilo alikuwa anawagombeza nalo wateja kila siku, Chiriku akisikia. Ukibonyeza, kibodi inatuma amri ya kuanza. Ukiachia, inatuma amri ya kuacha. Ukichomoa waya hujaachia, amri ya kuacha haifiki, na sauti inabaki inalia bila mwisho.

Aliinua kidole.

Chiriku aliendelea.

Akachomeka waya upya. Taa haikuwaka. Akabonyeza kile kibonye, akakipiga kwa ngumi. Sauti ya mdogo wake ilikuwa sasa inakwaruza, na chini yake kulikuwa na kitu kinachochemka. Mama alikuwa analia, "Mwanangu jamani, mwanangu, mwacheni mwanangu!" Kichanga cha jirani nacho kilikuwa kimeamka kinalia, na mama yake anakibembeleza.

Programu ile ina kitufe cha dharura cha sauti zilizokwama. Alikitafuta, akakipata kwenye kona ya juu. Kimeandikwa "Zima Zote".

Akakibonyeza.

Kimya.

Chiriku alinyamaza. Prodyuza aliegemea kiti, akashusha pumzi. Alisikia miguu ya mdogo wake ikikokota kwenye sakafu. Mzima! Yuko hai!

Akamgeukia mama yake kumwambia, na ndipo alipoona kwamba mama bado analia. Mdomo wake ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka, mishipa ya shingo imesimama. Hakuna kilichotoka. Ng'ambo ya ukuta kichanga hakikusikika, wala anayekibembeleza. Kilichosikika ni mtu anapiga ukuta kwa viganja. Anapiga, anapiga, kama anaomba msaada kwa njia pekee iliyobaki.

Prodyuza akafungua kinywa kusema "mama".

Hamna.

Chiriku aliingia. Kidevu kilikuwa chekundu mpaka kwenye kola ya gauni alilolinyoosha kwa ajili ya safari. Hakumtazama kaka yake. Alimsukuma akamtoa kwenye kiti, akakaa yeye, akaitazama kibodi ile ambayo taa yake ilikuwa imewaka tena yenyewe.

Alibonyeza kibonye cha mwisho kulia, kwa upole mno. Mdomo wake ukafunguka. "Aaa." Alipoachia, ukafunga. Hivyo ndivyo angeimba sasa, siku zake zote, na alielewa palepale. Machozi yalimdondokea kwenye vidole.

Kisha akaanza kutafuta kutoka kushoto. Kibonye cha kichanga. Cha mama. Cha jirani. Alikwenda kimoja kimoja, bila haraka, na mama yake akasogea akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mkono begani.

Alipofika karibu na katikati, mdomo wa Prodyuza ulifunguka.

"Aaa..."

Chiriku akasimama hapo. Akakididimiza kibonye mpaka mwisho, na hakukiachia. Prodyuza alijaribu kuvuta pumzi, pumzi haikuingia. Alinyoosha mkono kuelekea kitufe cha kona ya juu, yeye peke yake ndiye aliyekijua, na mama akaifunga kompyuta taratibu, akaikumbatia kifuani.

Kidole cha Chiriku kilibaki palepale. Mkono wake mwingine ulishuka chini ya meza, ukaanza kuutafuta waya wa kibodi.