Kifuniko cha Bakuli la Haruomi

Haya yalimpata rafiki yangu Shigeki, juma lile mdogo wake Haruomi alipopotelea mlimani kwenye theluji. Waliomtafuta walikuwa wamesharudi mikono mitupu. Shigeki akaingia mgahawa wa rameni, tambi za mchuzi, walimozoea kula pamoja, akaagiza mabakuli mawili.

"La mdogo wako nalifunika," alisema mpishi, Mama Tokuko. Kwetu asiyekuwepo huwekewa chakula ili asishinde na njaa huko aliko. Kifuniko kikitoka jasho kwa ndani, yu hai.

"Mchuzi uchemke hasa, mama. Tafadhali!"

"Usinifundishe kazi. Mlafi yule atarudi tu, na nyama atadai aongezwe."

Mara alipoyaweka mabakuli mezani, la Haruomi likiwa limefunikwa, dhoruba ikakata umeme. Theluji ilikuwa imekwishaziba madirisha. Giza likawa totoro. Kando yake, kwenye kiti kitupu, Shigeki akasikia mtu akivuta tambi kwa pupa, fyuu, fyuu, vilevile kama Haruomi.

"Haru! Ni wewe? Sema basi, mdogo wangu!"

Mtu akashusha pumzi, kama aliyeshiba.

Taa zikawaka. Kifuniko kilikuwa palepale. Shigeki akakiinua: bakuli lilikuwa tupu, limerambwa. Akakigeuza kifuniko, akakipapasa kwa ndani, tena na tena.

Kilikuwa kikavu.