Gari Lilipotulia

Asubuhi hiyo Fundi Sponji alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana yake na kikombe cha chai, akiwaza aanzie wapi. Jina hilo alipachikwa na wateja, maana alishinda kutwa nzima katikati ya masponji, gundi na vitambaa vya viti vya magari. Mbele yake lilikuwa limeegeshwa gari la marehemu baba yao, lile la taa za mviringo na usukani mpana kama sinia. Kaka yake mkubwa ndiye aliyelirithi, na alilitunza kama mboni ya jicho.

Kaka alikuwa amelileta jana yake na maelezo mafupi. Binti yake anaolewa mwisho wa mwezi, naye anataka kumwendesha bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe katika gari la babu. Tatizo ni kwamba sakafu inaunguza nyayo, na gari linanguruma kiasi kwamba aliye mbele na aliye nyuma hawasikilizani.

"Lizibe kabisa," alisema. "Nikifunga mlango nisisikie kitu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hawakuwa watu wa maneno mengi tena, tangu mama yao alipofia kwenye kiti cha nyuma cha gari hilohilo miaka kumi na mmoja iliyopita. Wakati huo mama na Fundi walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu, kisa mwanamke aliyemwoa ambaye mama hakumtaka. Kaka ndiye aliyekuwa akimkimbiza hospitali. Siku ya msiba Fundi alimvuta pembeni, akamuuliza kama mama alisema lolote juu yake, hata neno moja. Kaka alitikisa kichwa. Kelele za gari, alisema. Hakusikia kitu, na alipogeuka mama alikuwa keshakata roho. Fundi alilimeza jibu lile, lakini kwa miaka yote hiyo lilikuwa limemkwama kooni.

Basi akaanza kazi. Alifungua viti vyote akaviegemeza ukutani, akang'oa kapeti kuukuu, akakwangua kutu na kupangusa sakafu mpaka bati likabaki safi. Kisha akabandika vipande vizito vya mpira mweusi, foili inayong'aa mgongoni na gundi tumboni. Kila kipande alikipasha kwa bomba la hewa ya moto, akakikandamiza kwa rola hadi kikashika kila bonde la bati. Sakafu, milango, paa. Mwanzoni alipogonga bati lililia kama debe tupu. Alipomaliza, ilikuwa kama kugonga gogo.

Siku ya pili, adhuhuri, alitandika sponji juu ya vile vipande, akarudisha kiti cha dereva peke yake, akaingia kupima. Nje, mchomeleaji wa jirani alikuwa akikata vyuma kwa grainda. Fundi alifunga mlango. Grainda ikatoweka.

Alitabasamu. Kazi safi.

Ndipo akasikia mtu anahema.

Alidhani ni yeye mwenyewe. Akabana pumzi. Yule mwingine akaendelea, taratibu, kwa shida, kama mtu anayepanda ngazi. Sauti ilitoka nyuma. Fundi akageuka. Nyuma hapakuwa na kiti wala mtu. Palikuwa na foili tu iliyometameta.

Alishuka. Alizunguka gari, akachungulia chini ya uvungu, akajiambia ni uchovu. Mchana ule alishona kapeti kwa mkono badala ya mashine, ili tu apoteze muda. Lakini mtu aliyesubiri neno moja kwa miaka kumi na mmoja hawezi kukaa mbali. Jua lilipopinda, alirudi ndani akafunga mlango.

Kimya.

Pumzi.

Kisha sauti ya mama yao, dhaifu, karibu kabisa na kisogo chake.

"Nipitishe kwa kitinda mimba wangu."

Fundi aliung'ang'ania usukani.

"Hapo si njiani, mama." Hii ilikuwa sauti ya kaka. Ilitoka pale alipokaa Fundi. Ilitoka karibu na kinywa chake.

"Basi mwambie nimemsamehe."

Pumzi moja. Nyingine, ndefu.

"Nitamwambia," ilisema sauti ya kaka.

Pumzi ya tatu haikuja.

Fundi hakulia. Alikaa mle mpaka shati likamganda mgongoni kwa jasho, kisha akatoka na kumpigia kaka simu, akamwambia kazi imekaribia mwisho, aje aikague.

Kaka alikuja kesho yake saa nne, amenyoa vizuri, akiongelea maua ya kupamba gari. Fundi alimfungulia mlango wa dereva. Kaka akaketi. Fundi akafunga, akabaki nje ya kioo.

Aliona kaka anatabasamu. Aliona tabasamu linafifia. Macho yakapanda kwenye kioo cha kutazamia nyuma, yakaganda hapo. Halafu midomo ya kaka ikaanza kucheza, polepole, kama mtu anayemjibu mtu. Hakuna sauti iliyotoka nje. Kazi ilikuwa safi. Mkono wake ulipapasa mlango ukitafuta kitasa, ukakipita mara tatu.

Fundi akamfungulia.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi alinong'ona.

Kaka alishika magoti yake. "Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha," alisema, sauti imekauka. "Mimi ndiye niliyemlisha. Na kila siku alikuulizia wewe."

Jioni hiyo kaka aliling'oa lile sponji na vile vipande vyote kwa bisibisi, akavitupa. Bibi harusi alipanda gari la kukodi. Hadi leo kaka huendesha gari lile vioo vyote vikiwa chini na redio imefunguliwa hadi mwisho, hata mvua ikinyesha.

Fundi alimsimulia mkewe yote. Mke alisikiliza hadi mwisho huku akikunja nguo.

"Amekusamehe wewe," alisema. "Mimi je?"

Tangu siku hiyo chakula kiliwekwa mezani bila mazungumzo.

Miezi miwili baadaye alipata gari jingine la kuziba joto. Alifungua boksi jipya la vipande vya mpira, lililokuwa bado limefungwa kwa gundi ya kiwandani. Kwenye kipande cha kwanza foili ilikuwa imetuna katikati: kiganja, na vidole vitano vilivyotanuka. Kilikuwa kimesukumwa kutoka chini, upande wa gundi, na karatasi inayoikinga ilikuwa haijabanduliwa. Alitoa kipande cha pili. Cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo.

Mkewe, aliyekuja kumletea chakula cha mchana, aliinama kutazama. Kabla Fundi hajamzuia aliweka mkono wake juu ya kile kiganja. Ukalingana nacho, kidole kwa kidole.

Aliurudisha mkono kwa kasi, akaufuta kwenye gauni, akaufuta tena. Fundi alimuuliza kama ni mama, na amehisi nini.

Mpaka leo hajamwambia.