Kumi na Nane Getini

Krrrr, krrrr. Kekee ilikuwa ikitoboa barafu mahali isipopaswa kutoboa. Tak Gyu-won aliusikia mlio huo katikati ya kelele za wavuvi elfu tatu wa tamasha la kuvua juu ya barafu, akajua unatoka upande wa daraja. Kupima barafu ya mto wa Garamgol kulikuwa kazi yake, kama kulivyokuwa kazi ya marehemu baba yake. Hakuna aliyetoboa shimo pale bila yeye kujua.

Akapenya kati ya viti na mishipi hadi akamkuta msichana mwenye koti la rangi ya haradali na shali nyekundu, amepiga goti, pua imemwiva kwa baridi.

"Dada, hapa hapavuliwi."

"Sivui. Napima."

"Mpimaji ni mimi. Leo ni sentimita ishirini na tano. Nimetangaza mwenyewe getini."

"Nilikusikia. Una sauti nzuri." Akainua kipande cha barafu kilichotoka shimoni. "Macho ndiyo sijui. Hii nyeupe ya juu ni theluji iliyolowa ikaganda. Nguvu yake ni nusu tu. Wewe umeihesabu nzima?"

Garamgol nzima iliihesabu nzima, tangu enzi za babu. Gyu-won alihisi masikio yakimchoma.

"Usinune," msichana akacheka. "Hata kwa hesabu yangu ni ishirini na mbili. Geti linafunguliwa barafu ikifika ishirini, sivyo? Naitwa Pyo Eun-sol. Mkoa umenituma kupima utalii wetu wa baridi utaumia kiasi gani joto likizidi."

"Andika kwamba Garamgol haitishiki."

"Fomu yangu haina mstari wa kiburi. Nitakuchorea mmoja."

Ikawa kila Jumamosi Gyu-won anapanda basi kwenda Chuncheon, mji alikoishi Eun-sol. Walikula kuku wa pilipili kwenye sinia la chuma mpaka makoti yakanuka moshi, kisha wakazurura madukani wameshikana mikono ndani ya mfuko mmoja. Siku nyingine ilikuwa simu.

"Umekula, mpimaji wangu?"

"Sauti yako inanitosha."

"Basi utakonda ukauke."

Majira ya kuchipua Gyu-won alimpa Eun-sol kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigusa: daftari thelathini na moja za baba yake, daftari moja kwa kila msimu wa baridi.

Oktoba ripoti ya Eun-sol ikatoka. Kwenye ramani, Garamgol ilikuwa na wekundu wa hatari kuliko miji yote, na chini yake imeandikwa: chanzo, daftari za Tak.

"Umekula tambi za mama yangu," Gyu-won alimwambia kwenye simu, "halafu ukachukua mwandiko wa baba yangu kutuzika nao."

"Gyu-won, baba yako alizungushia duara kila siku mto ulipochelewa kuganda. Yeye ndiye aliyeliona hili kwanza. Mimi nimejumlisha tu."

Gyu-won akakata simu. Hakupokea tena simu za Eun-sol.

Januari mvua ilinyesha siku mbili juu ya theluji, kisha baridi ikakaza. Asubuhi ya ufunguzi wa tamasha Gyu-won alitoboa, akaweka rula. Ishirini na nne. Akakigeuza kipande mkononi: kumi na mbili ngumu kama kioo, kumi na mbili nyeupe. Akakumbuka zile duara za baba yake, ambazo siku zote alidhani ni alama za sherehe.

"Ishirini na nne, eti?" Mzee Bang, mwenyekiti wa kamati, alimwahi njiani. "Watu elfu nne wapo getini, mwanangu. Usituangushe."

Gyu-won akapanda jukwaani. Kwa desturi ya Garamgol, mpimaji hasomi karatasi. Husema kwa kinywa chake, na mji humwamini.

"Kumi na nane!"

Umati ukaguna; geti lisingefunguliwa.

"Umetuvua nguo," Mzee Bang akanong'ona.

"Nimewavalisha, mzee. Hakuna mtu wetu atakayezama leo. Samaki tuwahamishie kwenye matangi ukingoni, watu wawakamate kwa mikono. Sisi ni watu wa Garamgol, hatushindwi na maji."

Mama wa duka la mahindi ndiye aliyetangulia kukunja mikono ya koti. Kufika adhuhuri matangi yalikuwa yamejaa mikono na vicheko, na Mzee Bang mwenyewe alikuwa amelowa hadi kifuani, akijisifu kwamba wazo lilikuwa lake.

Simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Sasa hata macho unayo," ikasema sauti.

Eun-sol alikuwa darajani, koti lilelile la haradali, kekee begani. Gyu-won akamwendea mbio, akasimama hatua moja mbele yake.

"Nilikukosea. Nilikasirikia rangi ya ramani, kumbe ni onyo la baba kwa mwandiko wake."

"Nimengoja miezi mitatu kusikia hilo. Limalizie kwa sauti yako ya getini, kaka mpimaji."

Akavuta pumzi. Watu wakageuka.

"Pyo Eun-sol! Mbele ya mto huu na mji huu, nitakutajia barafu ilivyo, iliyo nusu nitaiita nusu. Na mwaka ambao kutakuwa na maji matupu, nitasimama hapa niseme sifuri, nimekushika mkono."