Harufu ya Dafu

Hakuna aliyeingia na dafu kwenye chumba cha kukagulia sarafu, lakini maji ya dafu yalinukia. Bunsri aliisikia harufu akabana mdomo. Bangkok mtoto hufundishwa mapema: harufu usiyoijua chanzo chake usiitaje, kuitaja ni kuiitikia. Tena maji ya dafu ndiyo huoshewa uso wa maiti kabla ya kuchomwa.

Mumewe Prasert, mkaguzi mwenzake na bingwa wa domo, hakuwa na breki.

“Nani kamwaga dafu hapa?”

“Nyamaza, baba Nok!” Bunsri alinong’ona.

“Mke wangu nawe! Unaogopa mpaka kinywaji?”

Mezani kulikuwa na sarafu ya fedha pana kama kisosi, isiyoenea kwenye kibweta chochote cha plastiki walichokuwa nacho. Ukingoni ilikuwa na alama za meno. Maiti huwekewa sarafu mdomoni, sawa, ila mdomo gani ungeipokea ile? Prasert alicheka, akaipa daraja la ubora, akaitengenezea kibweta chake na kukiziba kwa mashine, pasipite hata hewa.

Kabla ya chakula cha mchana, plastiki ikaingia ukungu kwa ndani. Ukafutika, ukarudi, ukafutika, kama mtu anayepumua. Prasert akataka kusema, taya zikagoma, na Bunsri akaona mashavu ya mumewe yakitanuka taratibu, yakisukumwa na kitu kipana cha mviringo, huku midomo imeshikana kama iliyozibwa kwa moto na macho yakimtoka kwa kukosa pumzi. Akamkokota hadi hekaluni, kibweta mkononi, akilia njia nzima.

“Nani aliitaja harufu?” aliuliza mtawa Khamphan.

“Mume wangu, baba mtawa.”

“Vunja hicho kitu!”

Bunsri alikipiga nyundo. Hewa ikafyonzwa, Prasert akaanguka akikohoa, akaita, “Bunsri.” Mtawa alibaki na sarafu.

“Kama kuna kilichobaki, kitatafuta wa kukitaja tena,” alisema. “Asiwe wewe.”

Jioni Prasert alikula wali, akatania kama kawaida yake. Bunsri alimshukuru Buddha kimoyomoyo. Kisha mumewe akainama kumnusa shavu, kama alivyozoea, na pumzi yake ikanuka dafu.

“Mbona umebana pua, mke wangu? Unasikia harufu gani?”

Bunsri alimpenda mtu huyu kuliko nafsi yake, lakini sasa alirudi nyuma hatua moja.

“Sisikii kitu.”

Prasert akatabasamu, na tabasamu likaendelea kutanuka.

“Nusa vizuri.”