Chupa Iliyotoka Kabatini

Kila siku masomo yalipokwisha, Mokeira hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia kwanza karakana ya baba yake, Mosoti, fundi seremala aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Rangwe. Hapo aliokota maranda yaliyotapakaa chini ya meza na kuyatia katika mifuko miwili: mmoja wa mkaratusi, mwingine wa mberoshi, mti ambao mafundi huuita sipresi. Baba yake alikuwa akimtazama huku akitikisa kichwa.

"Wateja wangu huchagua mbao," alimwambia siku moja. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kuchagua takataka."

"Si takataka, Baba. Ni karatasi ambayo haijapikwa."

Mokeira alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya nane. Yeye na rafiki yake Ayesha walikuwa wakifanya utafiti kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ambayo yangefanyika mjini Homa Bay. Swali lao lilikuwa moja tu: kati ya mkaratusi na mberoshi, ni mti upi hutoa karatasi iliyo imara zaidi?

Mwalimu Maroa, aliyewafundisha sayansi, ndiye aliyewaongoza. "Mti ni nyuzi," aliwaambia siku ya kwanza. "Nyuzi ndogo zisizohesabika, zimeshikanishwa na gundi ambayo mti hujitengenezea wenyewe. Gundi hiyo huitwa lignini. Ukiiyeyusha, nyuzi huachana. Ukizitandaza kwenye chekeche na kuzikausha, umepata karatasi."

Kitu cha kuyeyusha gundi hiyo kilikuwa soda kali, ile ambayo watengenezaji wa sabuni huita kostiki. Mwalimu Maroa aliiweka katika kabati lenye kufuli. Kabla ya kulifungua aliwavalisha glavu na miwani, kisha akawaamuru wanakili onyo lililoandikwa kwenye kopo, neno kwa neno, katika daftari la majaribio.

"Soda hii haitoki katika chumba hiki," alisema. "Inayeyusha mti. Fikirieni itafanya nini kwa nyama ya mtu."

Mkaratusi haukuwasumbua. Baada ya saa moja jikoni ulilainika, wakapata karatasi ya kahawia ambayo ilibeba kopo la mchanga kabla ya kuchanika. Lakini mberoshi ulikataa. Saa moja ilipokwisha bado ulikuwa mgumu kama makapi ya miwa. Mwalimu alisema ulihitaji saa tatu, na saa tatu hawakuwa nazo, kwa sababu shule ilifungwa saa kumi na moja jioni. Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu awaruhusu kufanya kazi Jumamosi moja, lakini Mokeira na familia yake walikuwa Waadventista, na Jumamosi ilikuwa Sabato yao. Maonyesho nayo yalikuwa yamebakiza siku kumi na tatu.

Siku ya Ijumaa, Mwalimu Maroa aliitwa ofisini wakiwa bado wanasafisha vyombo. Alimkabidhi Mokeira ufunguo wa kabati. "Rudisha kila kitu, ufunge, uniletee," alisema, akatoka.

Mokeira alitazama mlango. Kisha akatoa katika mkoba wake chupa ya maji ya plastiki, akaijaza mchanganyiko wa soda na maji waliokuwa wakipikia maranda. Haukuwa na rangi, kama maji yenyewe.

"Unafanya nini?" Ayesha aliuliza.

"Nitapika mberoshi nyumbani Jumapili. Saa tatu mfululizo."

"Mwalimu alisema isitoke humu."

"Nani atamwambia?"

Ayesha alichukua kitambaa akaendelea kupangusa meza, na Mokeira akafunga kabati akapeleka ufunguo.

Jumapili asubuhi mama yake, Bochaberi, alikwenda sokoni kuuza ndizi, na baba alikwenda kumalizia mlango wa mteja. Mokeira alibaki na mdogo wake Bitutu, mtoto wa miaka mitano. Aliwasha moto nyuma ya jiko, akatia maranda ya mberoshi katika sufuria kuukuu, akamimina nusu ya ile soda. Nusu iliyobaki aliiacha kwenye chupa, juu ya kigoda. Saa moja ilipita. Maranda yalianza kulainika na maji yakageuka meusi. Mokeira alifurahi sana, akakimbilia ndani kuchukua daftari ili aandike.

Alikuwa bado anaitafuta kalamu aliposikia sauti ya Bitutu. Haikuwa sauti ya mtoto anayelia. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kulia akakosa mahali pa kupitishia kilio.

Alimkuta amepiga magoti kando ya kigoda. Alikuwa ametoka kucheza juani, akaona chupa ya maji, akanywa. Midomo yake ilikuwa imevimba, na mate yalikuwa yakimtiririka hadi kifuani. Chupa ilikuwa imelala chini.

Jambo la kwanza alilofanya Mokeira, na ambalo hakuweza kulisahau baadaye, halikuwa kumwinua mdogo wake. Aliokota chupa akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa maranda.

Mama Ochola, jirani yao, aliposikia mayowe ya Mokeira alifika mbio. "Amekula nini mtoto huyu?"

"Sijui," Mokeira alisema. Macho yake yalikwenda kwenye ua, palipokuwa na kichaka chenye matunda madogo ya manjano. "Alikuwa anacheza pale. Labda yale matunda."

"Basi ni sumu. Lazima itoke." Mama Ochola aliingia jikoni, akakoroga chumvi katika kikombe cha maji.

Mokeira alijua. Onyo alilonakili kwa mkono wake lilisema: aliyemeza asitapishwe. Soda iliyochoma koo ikishuka itachoma tena ikipanda. Alifungua kinywa. Akakifumba. Mama Ochola alimlaza Bitutu kwenye goti lake, akamnywesha kwa nguvu, akamkandamiza ulimi kwa kidole. Bitutu alitapika. Matapishi yalikuwa na michirizi ya damu.

Mama alitoka sokoni, baba akatoka karakanani. Kila mmoja aliuliza, na kila mmoja alijibiwa habari ya matunda. Katika zahanati muuguzi alimtazama Bitutu mara moja tu, akasema apelekwe Homa Bay bila kukawia. Gari lilipatikana. Wazazi waliondoka na mtoto, na Mokeira akaachwa na Mama Ochola.

Mama Ochola aliketi kizingitini. "Ni heri nilimtapisha," alisema, kana kwamba anajituliza. "Sumu ikikaa tumboni huua."

Mokeira alimtazama yule mama aliyeacha kazi zake akaja kusaidia. Alichukua daftari lake, akasema anakwenda kwa mwalimu, akaondoka kabla ya kuulizwa.

Mwalimu Maroa alikuwa akifua nguo nje ya chumba alichopanga nyuma ya soko. Mokeira alisimama mbele ya karai, akasema yote bila kuvuta pumzi: ufunguo, chupa, kigoda, matunda, chumvi. Mwalimu hakupaza sauti. Alikausha mikono kwa shati lake.

"Ilikuwa na nguvu kiasi gani?"

Mokeira alifungua daftari. "Gramu kumi kwa kila mililita mia moja."

"Alikunywa kiasi gani?"

"Mafunda mawili. Labda matatu. Sikumwona, Mwalimu."

Mwalimu alimpigia simu Mosoti na kumwomba ampe daktari simu. Aliiweka kwenye kipaza sauti, na Mokeira alisikia kila neno. Daktari alisema walikuwa wakijiandaa kumpitishia Bitutu mpira kooni na kumpa dawa ya makaa ya kunyonya sumu, kama wafanyavyo kwa sumu ya matunda. Aliposikia kwamba ni soda, akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Ngoja. Weka chini huo mpira." Koo lililochomwa na soda, alieleza, huwa laini kama karatasi iliyolowa. Mpira ungeweza kulitoboa.

Alipomaliza kuuliza, simu ilirudi kwa Mosoti.

"Mwalimu," alisema. "Mokeira yuko hapo?"

"Yuko."

Simu ikakatwa.

Mokeira alianza kulia. Mwalimu alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia, "Bado hujamaliza. Kuna mtu mwingine anayestahili kuambiwa." Wakarudi pamoja hadi nyumbani, na Mokeira akamwambia Mama Ochola ukweli. Mama Ochola hakumgombeza. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaitazama tena. Aliinuka, akaenda kwake, na siku hiyo hakutoka tena.

Jumatatu Mwalimu Maroa alikwenda kwa mwalimu mkuu. Alimweleza kosa la Mokeira, na akaeleza lake pia: alimwachia mtoto ufunguo wa sumu. Kuanzia siku hiyo ufunguo haukutoka mikononi mwa walimu. Siku ya maonyesho ilifika na kupita bila wao. Jedwali la matokeo la mberoshi lilibaki tupu.

"Nilipaswa kumwambia mwalimu siku ileile," Ayesha alimwambia Mokeira, wakiwa peke yao darasani. "Niliogopa utanikasirikia."

"Ningekukasirikia," Mokeira alisema. "Na Bitutu angekuwa nyumbani."

Bitutu hakufa. Lakini hakurudi nyumbani wiki hiyo, wala mwezi huo. Madaktari walimtoboa tumboni, wakaweka mpira mdogo wa kupitishia uji na maziwa, kwa sababu koo lilikuwa limezibwa na makovu. Ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi na kupanuliwa koo, mara ya kwanza, halafu mara ya pili. Sauti yake ikawa ya kukwaruza, kama ya bibi kizee. Daktari alisema huenda ikabaki hivyo, na kwamba angerudi kupanuliwa koo kwa miaka kadhaa.

Mama alikaa hospitalini na Bitutu. Baba alikwenda na kurudi. Alimpikia Mokeira chakula, akamuuliza kama amefanya kazi za shule, lakini hakutaja jambo lile.

Wiki ya sita baba alimchukua hadi Homa Bay. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alikuwa amekonda. Bitutu alipomwona dada yake alinyoosha mikono yote miwili, na Mokeira akashindwa kusogea.

"Sogea," mama alisema. "Hakuumi."

Mokeira alisogea. Aliukumbatia mwili ule uliokuwa umebaki mifupa. "Mama, nisamehe."

Mama alikuwa na bakuli la uji mwepesi, na alikuwa akiukoroga ingawa ulikuwa umekwisha kupoa.

"Kuchukua ile chupa lilikuwa kosa," alisema hatimaye. "Ni kosa la mtoto aliyetaka kazi yake ifaulu, na hilo ningeweza kulielewa. Soda ilimchoma mdogo wako mara moja. Mara ya pili alichomwa na kimya chako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe ulikisikia kilio, ukaendelea kuficha. Na bado nakushukuru ulikwenda kwa mwalimu, maana daktari aliniambia ungekawia kidogo tu, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Mokeira aliinamisha kichwa.

"Nisikilize. Utakosea tena. Kila mtu hukosea. Siku hiyo usianze kutafuta pa kuificha chupa. Tafuta mtu wa kumwambia, hata kama mtu huyo atakupiga. Ukweli ukichelewa, kuna mwingine anayelipa."

Alimwekea bakuli mapajani. "Leo ndiyo mara ya kwanza anajaribu kumeza kwa mdomo. Daktari ameruhusu vijiko vitatu. Shika wewe. Polepole. Ukiona lolote, niambie papo hapo."

Mokeira alichota uji kidogo kwenye ncha ya kijiko. Bitutu alifungua kinywa, akafumba, akamkazia dada yake macho, akameza. Alisubiri. Akameza cha pili. Alipopewa cha tatu, alikohoa bila sauti, mabega yakashtuka kidogo, kidogo sana, na mama alikuwa amegeukia dirishani akijifuta macho.

"Mama," Mokeira alisema. "Amekohoa."