Sauti Iliyosema Msinisubiri

Mhandisi Ditram Ndunguru alikuwa akizungumza na watu wanne kwa wakati mmoja, na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kinyozi jijini Dodoma, kitambaa cheupe kimemzunguka shingo, macho yanasinzia. Kwenye ukosi wa shati lake kulikuwa na kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kidude hicho kiliitwa Mpokezi. Muda ule ule kilikuwa kikimsikiliza fundi bomba, kikimbembeleza mteja mwenye hasira, kikiahirisha kikao, na kumpongeza binamu yake aliyepata mtoto. Kote kilitumia sauti ya Ditram, pamoja na kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema jambo. Aliyepiga simu hakuwa na namna ya kujua kwamba anaongea na kifungo.

Mpokezi kilijifunza kwa kumsikiliza mwenyewe akiongea kwa miezi kadhaa. Kilijua nani apewe shikamoo na nani ataniwe. Sehemu hiyo iliitwa tabaka la adabu, na aliyeibuni alikuwa Ditram mwenyewe. Vyombo vya kigeni vilivyotangulia viliwajibu wazee kama karani anavyojibu foleni. Chake kiliuliza habari za nyumbani, za shamba na za mifugo, na hakikukata simu kabla ya mkubwa kuaga. Nchi nzima ilikinunua.

"Mimi nasema hivi," alisema Chibago, kinyozi, akipuliza nywele kwenye mashine. "Mpokezi wangu na wa mke wangu walizungumza juzi juu ya ada ya mtoto. Wakapatana, wakacheka, wakaagana. Sisi wenyewe tumenuniana mpaka leo."

Mwalimu Masima, aliyekuwa akingoja zamu yake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Afadhali wewe. Zamani ukipigia kampuni ya simu unaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri, simu yako ni ya thamani. Muziki unapigwa mpaka chai inapoa. Siku hizi Mpokezi wangu ndiye anayesubiri. Mwacheni mhandisi apumzike, katukomboa."

"Katukomboa, sikatai. Ila nikimpigia mtu siku hizi nasikia raha halafu nabaki na shaka. Kama kula wali wa ndotoni."

Ditram alitabasamu bila kufumbua macho. Alishazoea maoni ya namna hiyo.

Ndipo kifungo kikatoa mlio mkali. Sheria ya mawasiliano ilikataza Mpokezi kuwajibu watu wa aina tatu: daktari, hakimu na polisi. Simu zao zilipita moja kwa moja hadi kwa mwenyewe.

"Mhandisi Ndunguru? Naitwa Daktari Kokushubira, daktari wa mbali. Nilipewa miadi ya kumwona mama yako kule Mbinga, kupitia dirisha la hewani, ile picha hai inayotokea ukutani nyumbani kwake. Uliiomba wewe?"

Ditram akafumbua macho. "Hapana. Labda Mpokezi wangu. Mama ana nini?"

Daktari akauliza kwa sauti ya chini, "Uko na nani hapo?"

Ditram akaketi wima kitini.

Katika nchi yetu habari nzito haipitishwi kwenye simu ikiwa uchi. Mtu akifiwa na mzazi akiwa mbali, huambiwa, "Mgonjwa amezidiwa, njoo." Husafiri akijua na asijue. Habari yenyewe huipata akishafika, akiwa amekalishwa, mikono ya watu wake ikiwa tayari kumdaka. Hakuna anayeita jambo hilo uongo. Na kabla ya kumwambia aanze safari, anayepiga huuliza kwanza: uko na nani hapo?

"Niko na kinyozi," alijibu Ditram.

"Naomba niongee naye."

Ditram akabandua kifungo ukosini na kumpa Chibago. Kinyozi alikiweka sikioni. "Ndiyo. Ndiyo, daktari. Nimeelewa. Nitakuwa naye." Akazima mashine ya kunyolea. Mwalimu Masima naye alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mhandisi," alisema Chibago, "inabidi uende nyumbani. Mama amezidiwa."

Chibago alifunga duka akapanda naye gari-jiendeshe kwenda stesheni. Njiani Ditram alikiagiza kifungo kimsikilizishe simu zote zilizotoka Mbinga tangu jana. Zilikuwa mbili, zote za jana, zote kutoka kwa baba yake mdogo, mzee Kanisius. Mpokezi kilikuwa kimeziweka miongoni mwa mambo yaliyokwisha kushughulikiwa, kwa hiyo hakikumsumbua nazo.

Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi.

"Shikamoo baba mdogo," ilisema sauti ya Ditram.

"Marahaba, mwanangu. Uko na nani hapo?"

"Niko kazini, baba mdogo, niko na wenzangu. Habari za huko? Kahawa inaendeleaje?"

"Kahawa ipo. Mwanangu, mama yako amezidiwa. Njoo."

"Pole sana, baba mdogo. Anakula?"

Mzee alisita. "Hali."

"Anaongea?"

"Haongei, Ditram. Njoo."

"Usiwe na wasiwasi. Nimeshampatia daktari wa mbali, mmoja wa wale wazuri. Atamwona kesho alasiri."

"Daktari hatumhitaji, mwanangu. Tunakuhitaji wewe."

"Nakuelewa kabisa, baba mdogo. Mwambieni mama nampenda."

Chibago aligeuza uso kwenye dirisha la gari.

Simu ya pili ilikuwa ya jioni. Nyuma ya mzee zilisikika sauti za watu wengi, na mtu akipasua kuni.

"Ditram, watu wamekusanyika. Wewe ndiye mwana mkubwa wa mama yako. Katika ukoo wetu, udongo—" Mzee akajizuia. "Kuna jambo ambalo ni la mkono wako. Tunaweza kukungoja mpaka kesho saa sita, zaidi ya hapo hatuwezi. Nataka nikusikie unasema unakuja."

Kikasikika kile kikohozi kidogo. "Baba mdogo, nashukuru sana kwa upendo wenu. Kazi zimenibana, lakini moyo wangu uko huko. Msinisubiri. Endeleeni na yote yanayohitajika, mimi niko pamoja nanyi."

"Umesema tusikusubiri?"

"Msinisubiri, baba mdogo. Kila kitu kiko mikononi mwenu. Wasalimie wote."

Simu ikakatika upande wa mzee. Kwa mara ya kwanza tangu Mpokezi kibuniwe, mkubwa alikuwa amekata bila kuaga.

"Lakini huyo ni wewe," alisema Chibago polepole.

"Ni mimi," alisema Ditram. Alielewa kosa lilikokaa. Chombo kilifundishwa kuyaamini maneno ya mpigaji, kwa kuwa chombo chenye mashaka huudhi wateja. Mgonjwa akitajwa, tafuta daktari. Mtu akihangaika, mtulize. Tabaka la adabu lilijua kila namna ya kusalimu. Halikujua kwamba mzee mwenye adabu anaweza kuficha jambo lote kwa makusudi, akimtegemea anayemsikiliza alitambue.

Saa sita ilikuwa imeshapita.

Chibago aliagana naye stesheni, na treni ya sumaku ya kusini ikateleza kwenye nyanda bila sauti. Ilikuwa imevuka Iringa alipopiga simu Bi Zamda, mkuu wa idara ya Mpokezi, kwa laini ya kazi. Daktari alikuwa amewaandikia malalamiko.

"Ditram, sijui nikuambie nini. Nasikia mama hajisikii vizuri," alisema. Naye alikuwa na malezi. "Tumeikagua kasoro yenyewe. Ni ndogo. Tumepitia simu zilizohifadhiwa tukakuta nyingine za namna hiyo."

"Nyingi?"

"Kuliko tulivyodhani."

"Hao wenyewe wanajua?"

"Baadhi. Wengine wanaona tu ndugu zao wamewasusa, hawajui kwa nini." Alivuta pumzi. "Lakini tunaweza kurekebisha wiki hii hii. Mpokezi kitajifunza kuutambua msiba ukiwa umefunikwa. Kitamwarifu mwenyewe haraka, na kwa mpigaji kitaonyesha majonzi. Tumejaribu kwa sauti yako, kwa sababu ndiyo tuliyo nayo kamili. Kinalia vizuri sana, Ditram. Kijana mmoja hapa machozi yamemtoka."

Ditram alitazama vilima vikipita. Aliona baba mdogo akipiga simu mwaka mwingine, msiba mwingine, na kuisikia sauti ikilia upande wa pili. Angeridhika. Angesema mtoto ameumia, ana uchungu na watu wake. Na mwenye sauti angekuwa kwenye kiti cha kinyozi, anasinzia.

"Kosa la jana lilijulikana kwa sababu kilijibu vibaya," alisema. "Hicho mnachotengeneza, nani atakigundua?"

"Sijakuelewa."

"Kizimeni, Bi Zamda. Kizimeni kwa wote mpaka watu wawe wamerudiana na watu wao."

"Kwa wote? Unajua unaomba nini?"

"Najua. Nimekitengeneza mimi." Alizima kifungo, akakitia mfukoni.

Reli iliishia mbali na Mbinga; alifika kwa gari asubuhi iliyofuata. Nyumba ya mama yake, Osmunda, ilikuwa kwenye mteremko wa kahawa. Uani kulikuwa na mabenchi, majivu ya moto mkubwa, na wanaume waliokaa wakiongea chini chini. Kwa kawaida mwana wa marehemu akionekana njiani, wanawake humpokea kwa kilio kabla hajafika mlangoni. Safari hii hakulia mtu. Walimtazama wakarudisha macho chini.

Dada yake Gaudensia alitokeza jikoni amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Umekuja kumwona mgonjwa?" aliuliza.

"Gaude—"

"Daktari wako alikuja jana. Alitokea pale hewani ukutani, tumetoka kuzika, watu wananawa mikono. Akatuomba tumsogeze mgonjwa kwenye mwanga. Shangazi yetu alianguka, Ditram. Alianguka pale pale." Akageuka akarudi ndani.

Mzee Kanisius alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Ditram alimwendea akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee hakuitikia. "Hiyo shikamoo ni ya nani leo?"

"Yangu. Ile ya juzi haikuwa yangu." Akamweleza yote: kifungo, sauti, tabaka la adabu. Hakujitetea, na hakulaumu chombo. Watu wa mabenchi walisogea kusikiliza.

"Kiliniita baba mdogo," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Kiliniuliza habari za kahawa. Kikakohoa kama wewe."

"Nilikifundisha mimi."

"Ulikifundisha vizuri. Nilikaa na simu mkononi nikasema, huyu ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea, na ananiambia niendelee bila yeye. Nilitaka kusema jina lako lisitajwe tena uani hapa. Gaudensia ndiye aliyenizuia." Aliitazama mikono yake. "Hata udongo wa kwanza niliutia mimi."

"Nisamehe, baba mdogo."

"Ngoja. Kwa hiyo maneno yangu hukuyasikia."

"Niliyasikia jana, yalikuwa yamehifadhiwa. Najua, baba mdogo."

"Sikukuuliza kama unajua. Nani amekuambia?"

Ditram alifikiri. Daktari hakumwambia. Kinyozi hakumwambia. Bi Zamda hakumwambia. Gaudensia alisema wametoka kuzika, lakini hakusema nani.

"Hakuna aliyeniambia."

Mzee Kanisius alishika ukuta akainuka. "Gaudensia!" aliita. "Toka, na wenzako. Nanyi njooni. Efrem, simama kushoto kwake. Leteni benchi, asikae chini kwenye umande." Watu walitazamana. "Huyu hajapewa habari. Mtu ambaye hajapewa habari mnamnunia kwa lipi? Mkalisheni."

Wakamkalisha. Binamu yake Efrem akamshika bega moja, jirani akamshika la pili. Mzee alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana, kama ambavyo angefanya tangu mwanzo.

"Ditram mwanangu. Nilikuita kwa sababu mama yako alikuwa anaumwa. Hakuumwa muda mrefu. Alitoka shambani akasema kifua kinambana, dada yako akamchemshia maji. Tulikaa naye tukiongea. Alikutaja. Alisema, siku hizi Ditram amebadilika, ana nafasi na mimi. Zamani alikuwa na haraka, neno moja amekata. Siku hizi kila Jumapili ananisikiliza mpaka mimi mwenyewe ndiye naaga. Alifurahi sana kwa hilo, nataka ulijue."

Ditram alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba Jumapili hizo zote alikuwa ofisini, au amelala, au anatazama mpira. Mzee alikuwa akimtazama kwa huruma, akidhani amempa kitu cha kumfariji. Ditram akafumba mdomo.

"Kisha akasema amechoka," aliendelea mzee. "Akajilaza. Tulifanya tulichoweza, mwanangu. Mama yako amekufa."

Gaudensia ndiye aliyeanza. Kilio chake kilipanda juu ya paa, na wanawake wengine wakakipokea. Ditram alijitupa mbele, Efrem na jirani wakamdaka. Sauti iliyomtoka ilikuwa nene, mbaya, imekatikakatika, nayo haikusema neno lolote. Kijana mmoja akakimbilia maji, mwingine akamwambia ajikaze, yeye ni mwanamume na jana watu wameshalia.

Mzee Kanisius aliinua mkono.

"Mwacheni," alisema. "Huyu ndiyo kwanza anapata habari."